Mshale wa Mwisho ni Wangu

Jumanne, 12 Mei

Tumefika. Wanawake watatu, pinde tatu, Kocha mmoja, na mkoba wa wifi uliojaa dawa za kila ugonjwa aliowahi kuusikia binadamu. Mashindano ya dunia! Bendera uwanjani ni nyingi hadi shingo inauma kuzitazama.

Saa nne Kocha kabandika mpangilio mlangoni pa chumba chetu. Wa kwanza: mimi. Wa pili: mwenzetu tunayemwita Dereva. Wa tatu, yaani wa mwisho: wifi yangu.

Nimeusoma mara tatu. Haukubadilika.

Niandike wazi, ili hata nikizeeka nikumbuke hasira hii ilitoka wapi. Timu ina watu watatu. Kila zamu ni mishale sita kwa dakika mbili: mmoja anapiga mmoja, anarudi nyuma, mwenzake anaingia, hadi kila mtu apige miwili. Zamu nne, mishale ishirini na nne, shabaha iko mita hamsini. Wa kwanza anafungua. Wa mwisho anafunga, na huyo ndiye dunia nzima inayemkodolea macho.

Dunia siitaki. Namtaka mama mkwe. Mama mkwe ana presha, hawezi kutazama mashindano. Tukianza kupiga, yeye anatoka uani, anaipa runinga mgongo, anakunja nguo ambazo zimeshakunjwa. Mume wangu anamwita kwa sauti: "Mama, mshale wa mwisho!" Anaingia, anatazama mshale mmoja, anarudi uani. Kwa hiyo miaka sita niliyo kwenye timu hii, mama mkwe hajapata kumwona mpigaji mwingine ila binti yake. Mwezi uliopita kaniuliza, kwa upole kabisa, kama na mimi huwa napiga au nashika mizigo.

Mizigo!

Nimemwendea Kocha. Kasema mimi ni wa kwanza kwa sababu nina haraka. Ndiyo maana ananiita Chapuchapu. Navuta, nalenga, naachia, sekunde tisa. Sekunde ninazookoa anapewa wifi, ambaye ni mfamasia na hulenga kama anavyohesabu vidonge, kimoja kimoja, halafu anarudia kuhesabu. Nikamwambia mimi nimebadilika, siku hizi ni mtu wa taratibu, haraka haraka haina baraka. Kocha, ambaye alifundisha fizikia miaka thelathini na hajapata kukosa jibu, kasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na nikalete podo langu.

Sawa. Sitabishana. Nitaonyesha kwa vitendo. Mpango wa kwanza: kuwa mtu wa polepole.

Nimeanza mara moja. Nimetembea polepole hadi uwanjani, nimekaa polepole, nimeinuka polepole. Baada ya nusu saa Kocha kaniuliza nimeumia goti lipi. Kabla sijajibu wifi kishafika na mkoba. Nimelazwa kitandani saa mbili nzima, barafu kwenye goti zima lisilo na kasoro hata kidogo. Wifi kaniletea chakula chumbani, kanisukumia na mto chini ya mguu. Kanikatia hata nyama.

Mwanamke huyu ni mjanja sana.

Jumatano, 13 Mei

Leo mzunguko wa kupanga nafasi. Kila mtu mishale sabini na miwili. Timu yetu imeshika nafasi ya tano. Nimepiga vizuri kuliko wifi! Kwa pointi tatu! Nimeutaja ushindi huu wakati wa kifungua kinywa, chakula cha mchana, na ndani ya basi. Dereva, ambaye nyumbani anaendesha lori la kokoto na husema maneno kama manne kwa siku, leo katumia mawili: tumesikia sasa.

Kweli wifi hakuwa sawa. Mishale yake ya mwisho ilikuwa nane, nane, tisa. Nilimwona anavuta, anashikilia, anashikilia, anashikilia, mpaka ncha ya mshale ikaanza kucheza. Nilimwonea huruma kidogo. Kisha nikakumbuka mizigo.

Mpango wa pili. Nimemwandikia Kocha barua bila jina. Nimejiita Mpenzi wa Mchezo. Nimesema nimeufuatilia mchezo huu tangu ujana wangu, nimezunguka mabara, na sijawahi kuona kipaji kikipotezwa kwenye nafasi ya kwanza kama cha yule dada mwenye haraka nzuri. Nimeshauri apewe nafasi ya mwisho. Nimemalizia kwa methali mbili. Nimeipitisha chini ya mlango wake saa nane mchana.

Saa tisa imerudi chini ya mlango wangu. Imesahihishwa kwa wino mwekundu. Kati ya kumi nimepata sita. Pembeni kaandika: mwandiko mzuri, hoja dhaifu, methali ya pili haihusiki. Chini kabisa: kesho saa mbili kamili kwenye basi, Chapuchapu.

Nilipaswa kuandika kwa mkono wa kushoto.

Alhamisi, 14 Mei

Siku ya ajabu. Sijui nianzie wapi. Nimeshinda na nimeshindwa, na vyote viwili kwa mkono wangu mwenyewe.

Mpango wa tatu ulikuwa safi. Kama kazi yangu ni kumwokolea wifi sekunde, basi nisiziokoe. Nitachukua muda wote ninaotaka. Wifi atabaki na sekunde za kulamba tu, atapapatika, atapiga saba. Si saba nyingi. Mbili tatu tu, za kumfungua Kocha macho, na hizo pointi mimi na Dereva tutazifidia. Kesho yake nipo nafasi ya mwisho. Nani angeona kasoro?

Mechi ya kwanza, dhidi ya wale wa jezi za zambarau. Nimesimama mstarini. Nimevuta. Upinde wetu huu wa kapi, vile vigurudumu vya kamba nchani, ukishauvuta hadi mwisho unakuwa mwepesi, unaweza kuushikilia hata ukakumbuka madeni ya ukoo. Nikashikilia. Nikatazama bendera ya upepo kama mtu anayeisoma. Nyuma yangu Kocha kaanza kusema achia kwa sauti ya chini. Kisha kwa sauti ya kati. Sekunde ishirini na tano! Nikaachia. Tisa. Nikarudi nyuma kama bibi harusi.

Dereva kaniangalia jinsi anavyowaangalia wenye pikipiki. Kapiga yake. Tukaenda hivyo hivyo hadi mshale wa sita. Wifi anaingia mstarini, saa imebaki na sekunde saba. Saba! Nikajifunika uso kwa kiganja, vidole nikaviacha wazi.

Hana muda wa kuhesabu. Hana muda wa kurudia. Kainua, kavuta, kaachia.

Kumi.

Nikasema bahati. Zamu ya pili nikamwachia sekunde tano. Kumi. Ya tatu, nne. Kumi, katikati kabisa, pale kwenye alama ndogo ya msalaba! Tumewafunga jezi za zambarau. Robo fainali nikazidi kuwa kobe. Wifi kapiga kumi mara nane mfululizo. Nusu fainali tulipambana na mabingwa watetezi, watu ambao hata wakiwa wanakunywa maji wanatisha, nikachelewa mpaka mwamuzi kaniangalia kama ninaumwa. Wifi kumi. Wifi kumi. Wifi kumi!

Tumewatoa mabingwa watetezi. Tuko fainali!

Dereva kaninyanyua juu, mimi na upinde wangu. Kapiga ukelele uliosikika hadi kwenye maegesho. Na mimi nilikuwa napiga kelele pia, nakiri, machozi yananitoka, nimesahau kabisa kwamba mpango umeharibika.

Nimekumbuka chumbani. Kocha katukalisha, kafungua daftari lake. Kasema kwa miaka miwili amekuwa akimpa wifi muda mwingi, na kumbe muda ndio uliokuwa unamuua. Akiwa na sekunde nyingi, nane na tisa. Akiwa na chache, kumi. Kasema yeye, mwalimu wa fizikia, hakuliona. Kaliona mtu mmoja tu, akajitoa mhanga, akakubali alama zake mwenyewe zishuke ili mwenzake apone. Kisha kaninyooshea kidole. Kasema anaiondoa ile sita, ananipa kumi.

Wifi kanikumbatia. Kaniambia sikioni kwamba miaka miwili mkono wake umekuwa ukitetemeka kila akipata nafasi ya kufikiri, na hakumwambia mtu. Alikuwa analia stoo ya famasi, katikati ya maboksi ya pamba. Kasema hakujua kama kuna mtu aliyemwona. Kasema asante, wifi.

Nilitaka kusema ukweli. Kweli nilitaka. Nilifungua mdomo, ikatoka: si kitu, wifi, ndiyo undugu.

Nimempigia mume wangu. Kasema mama kaona ule mshale wa mwisho wa nusu fainali, kafurahi mno, kasema binti yake ni simba. Nikauliza kasemaje juu yangu. Simu ikawa na kelele ghafla.

Ijumaa, 15 Mei

Mapumziko. Fainali kesho, na tunacheza na wenyeji, kwenye uwanja wao, mbele ya majirani wao wote.

Asubuhi nilikuwa nashona. Mfuko wa podo la Dereva umefumuka, na mimi ni fundi cherehani, sindano haikosi begini. Wifi kaingia na Kocha nyuma yake. Wifi kasema amefikiri sana. Kasema mtu aliyemponya hawezi kukaa nafasi ya kwanza kwenye fainali ya dunia huku mama yake nyumbani anaitwa kutazama mshale mmoja tu. Kasema yeye ataanza, mimi nifunge. Kasema ni zamu ya mama kukuona na wewe.

Sindano imeniingia kidoleni. Sikuisikia.

Bila mpango wowote! Bure! Kwenye sahani!

Lakini adabu ni adabu. Mtu hapokei jambo kubwa hivyo papo hapo kama mwenye njaa. Nikakataa. Nikasema la, wifi, nafasi ni yako. Wifi akasisitiza. Nikakataa mara ya pili, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikafurahishwa na jinsi kilivyoinama. Nikawa najiandaa na ya tatu, halafu ndiyo nikubali. Kocha akasema basi, kama hataki tusimlazimishe, akaanza kuondoka.

Nimeruka juu ya kitanda cha Dereva kumwahi mlangoni. Nimesema nakubali, nakubali, wifi kaniomba kwa nini nimvunje moyo? Dereva alikuwa kitandani. Katumia maneno yake manne ya siku kwa mkupuo mmoja, na sitayaandika.

Nimempigia mume wangu. Nimemwambia kesho mshale wa mwisho ni wangu, ole wake asimwite mama kwa wakati, ole wake umeme ukatike, ole wake yeye mwenyewe apige chafya. Kasema atamshika mama mkono tangu zamu ya kwanza. Kisha kaniuliza kama naogopa. Swali la ajabu. Niogope nini na kitu nimekitaka miaka sita?

Jumamosi, 16 Mei

Naandika na medali shingoni. Nimekula nayo. Nimeoga nayo.

Tumefika uwanjani saa tatu. Majukwaa yamejaa, wote wa wenyeji. Tulipotangazwa sisi walipiga makofi watu kumi na mmoja. Nimewahesabu.

Wifi alianza. Sikumtambua. Kainua, kavuta, kaachia, kumi, karudi nyuma kabla sijameza mate. Dereva, kumi. Mimi, kumi. Tukaenda nao bega kwa bega, zamu ya kwanza sare, ya pili tumezidiwa moja, ya tatu sare tena. Wifi amepona kabisa. Anapiga kwa sekunde nane! Dereva, ili asiachwe, naye kaongeza mwendo. Nikajiona niko kwenye timu ya watu wenye haraka.

Zamu ya nne. Wenyeji wametangulia, wamemaliza na mia mbili thelathini na nne. Sisi tukapiga mitano, tukafika mia mbili ishirini na tano. Umebaki mshale mmoja. Wangu. Tisa ni sare. Kumi ni dhahabu.

Nimeingia mstarini, nimetazama saa. Sekunde arobaini na saba.

Arobaini na saba! Sijawahi kumiliki muda mwingi hivyo maishani. Nimevuta upinde. Nikalenga. Kawaida hapo ndipo ninapoachia. Lakini nikafikiri: mume wangu kishamwita? Mama kishaingia ndani, au bado yuko uani na mashuka? Nikiupiga sasa hivi na yeye yuko mlangoni je? Nikangoja afike. Nikangoja akae. Nikawaza atakaa kiti kipi. Sekunde thelathini. Nikawaza kama kilemba changu kimekaa sawa upande wa kamera. Sekunde ishirini. Ile duara ya manjano ikaanza kutembea. Kidogo kushoto. Kidogo kulia. Nikasema tulia, ikatembea zaidi. Kumbe si duara. Ni mkono wangu!

Nikataka kushusha upinde nianze upya. Mikono ilikataa. Nikataka kuachia. Kidole kilikataa. Nimesimama mbele ya dunia nzima kama sanamu la mtu anayekaribia kufanya kitu. Sekunde kumi na mbili. Kocha kakohoa. Nilijua kwa hakika kwamba mama mkwe, mara yake ya kwanza kuniona, atanitazama nikishindwa kufanya chochote. Niliogopa. Naandika wazi. Niliogopa kama mtoto.

Sekunde sita. Nyuma yangu wifi akapasua sauti, sauti ile ile ya uani kwetu:

"Wifi! Maziwa yanafurika!"

Tunaishi ua mmoja na jiko moja. Hakuna neno duniani linalonikurupua kama hilo. Nimeshtuka mwili mzima. Kidole kikashtuka nacho. Mshale ukaenda.

Sikuuona. Nilikuwa tayari nimegeuka kutafuta jiko.

Nimewaona wenzangu. Dereva mikono juu. Kocha kalitupa daftari hewani, lile daftari asiloruhusu mtu kuligusa. Wifi anakuja mbio, kilemba begani, anapiga kelele kumi, kumi, wifi, kumi! Nikageuka. Katikati kabisa. Msalaba wenyewe umefunikwa.

Mabingwa wa dunia! Sisi! Fundi cherehani, mfamasia na dereva wa kokoto! Tumeangukiana pale mstarini, wote wanne, Kocha chini kabisa. Hata wenyeji wamesimama kutupigia makofi, uwanja mzima. Hao sikuwahesabu.

Nimempigia mume wangu kutoka nyuma ya jukwaa. Mama mkwe kamnyang'anya simu. Kasema mwanangu. Miaka tisa ya ndoa, nilikuwa mke wa mwanawe. Leo kasema mwanangu, nimekuona, umenitoa kimasomaso. Kasema jirani kamwuliza ni nani yule, naye kamjibu ni binti yangu. Kisha kasema ila usirudie tena kunikawiza vile, karibu nife, huyo wifi yako mshale wake hauchukui hata muda wa mtu kukaa.

Nimelia mpaka mwamuzi kaniletea maji.

Jumapili, 17 Mei

Nimeamka wa kwanza. Wifi amelala, medali kaifunga kwenye kiganja kama mtoto na peremende. Nimemtazama. Mwanamke aliyenilisha nyama nikiwa mzima, akanipa nafasi yake, akaniokoa mbele ya dunia, na hajui kwamba nilikuwa namtegea. Aibu imenishika barabara. Imenishika dakika mbili hivi, muda wa zamu moja. Kisha nikaamka kwenda kunawa.

Nimefanya hesabu ya wiki yote na nimeona jambo moja wazi: kila kitu kimekwenda kama nilivyopanga. Nilitaka nafasi ya mwisho, nimeipata. Nilitaka mama anione, kaniona. Njia tu ndiyo ilipindapinda. Nina kichwa, nisijidharau.

Saa mbili wamebandika ratiba ya mashindano ya mtu mmoja mmoja. Raundi ya kwanza: mimi na wifi. Dereva kasoma, kacheka, kaondoka.

Mume wangu kasema mama ataitazama mechi hii tangu mshale wa kwanza. Presha imeshuka, haendi uani. Atatuona wote wawili, mshale kwa mshale, binti kwa binti. Hapa hakuna mchezo.

Mpango uko tayari. Nimeupika nikiwa napiga mswaki. Ugonjwa wa wifi naujua kuliko daktari wake. Akiwa na haraka, kumi. Akifikiri, nane. Basi afikiri! Nimemkuta kwenye chai, nimemshika bega kidugu, nimemwambia wifi, leo ni siku kubwa, mama anatazama, chukua muda wako wote, usiharakishe, mfikirie mama, fikiria amekaa kiti kipi. Nimemweleza kwa dakika kumi nzima. Nimemchambulia kila kitu cha kufikiria, kimoja kimoja, nikaanza na kilemba.

Wifi kanisikiliza hadi mwisho. Kanishukuru. Kasema bahati nzuri yeye hafikiri tena, siku hizi akifika mstarini anajiambia tu maziwa yanafurika. Kanywa chai yake yote kwa mkupuo, kachukua upinde, katoka.

Zimebaki dakika ishirini. Nimekaa kwenye benchi la kusubiria. Namuwaza mama. Nawaza kiti. Nimejaribu kuvuta upinde mara mbili na ncha ya mshale inacheza kidogo, nadhani ni upepo.

Humu ndani hamna upepo, lakini mpango ni mzuri, siubadilishi.